Ufa wa Chama Usivuke Lango la Kambi

Ndugu wasomaji wetu, juma hili tumeletewa barua na mke wa sajini mmoja, mama wa watoto wanne, aishiye kambini katika vile vibanda vya mabati ambavyo sote tumezoea kuviita mama ingia pole. Barua yenyewe ni fupi, imeandikwa kwa kalamu ya penseli, nyuma ya karatasi ya mazoezi ya hesabu ya mtoto. Lakini jambo lililomo si dogo, na kwa kuwa tunaamini kwamba si yeye peke yake mwenye mzigo huo, tumeona vema tulijibu hadharani, bila ya kumtaja jina wala kambi yake.

Mama huyu anasema kwamba kaka yake, ambaye ni kiongozi wa chama kimoja cha siasa huko wilayani kwao, amekuwa akimtembelea kila Jumapili. Huja na sukari, sabuni na wakati mwingine kilo mbili za nyama, naye mama humshukuru, kwa maana mshahara wa sajini waujua nyote. Hapo mwanzo mazungumzo yalikuwa ya nyumbani: nani kaoa, nani kafariki, mvua imeanza au bado. Baadaye yakageuka. Kaka akaanza kueleza kwamba chama chao kimegawanyika pande mbili, na kwamba watu wa upande ule mwingine ni wasaliti wanaotaka kukiuza. Kisha, Jumapili tatu zilizopita, alimgeukia shemeji yake akamwuliza ni maofisa gani kambini wanaopendelea upande huu na ni gani wa upande ule. Akaongeza kwamba siku ya haja ikifika, angependa kujua kama shemeji yake ni mtu wao.

Sajini hakujibu neno. Alinyanyuka akaenda zake kantini. Tangu siku hiyo, shemeji akiingia kwa mlango wa mbele, yeye hutoka. Kaka naye amekasirika, anasema amedharauliwa mbele ya watoto. Mama anauliza: Je, ni kosa jamaa kuzungumza siasa wakiwa mezani? Na amridhishe nani, mume aliyemwoa au kaka waliyenyonya ziwa moja?

Mama yetu, tunakupa pole. Kabla ya kukujibu, turuhusu tukusimulie kisa kimoja. Si hadithi ya sungura na fisi. Ni kisa kilichotokea katika nchi hii yetu ya Uganda, na wengi wa wale waliokilipia walikuwa ni watu wa kambini, waume kwa wake.

Mwezi Machi mwaka 1960 vilikutana vipande viwili vya siasa, kimoja kilichotoka katika chama cha kale cha Uganda National Congress, ambacho Ignatius Musazi alikiasisi mwaka 1952, na kingine kilichoitwa Uganda People's Union. Vikaungana vikazaa chama cha Uganda People's Congress, yaani UPC, na Milton Obote akawa kiongozi wake. Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa John Kakonge, kijana msomi wa Bunyoro, aliyependwa sana na vijana wa chama. Miaka miwili baadaye, Aprili 1962, UPC kwa kushirikiana na Kabaka Yekka kilikishinda chama cha DP cha Benedicto Kiwanuka, na tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ya Mwingereza ikateremshwa.

Basi hapo ndipo penye funzo la kwanza. Wakati wa kudai uhuru, watu wa UPC walishikana kama vidole vya ngumi, kwa sababu walikuwa na mtu wa kumpiga. Uhuru ulipopatikana, ngumi ilifunguka, na kila kidole kikaonekana urefu wake. Walikuwamo waliotaka ujamaa, walikuwamo waliotaka biashara huria. Walikuwamo waliotaka serikali moja yenye nguvu, na waliotaka falme zibaki na madaraka yake. Si ajabu. Chama kikubwa ni kama chungu kikubwa: hakikosi viungo vingi. Tofauti hizo zingeweza kujadiliwa, na mara nyingine zilijadiliwa kweli.

Mwaka 1964 chama kilifanya mkutano wake mkuu mjini Gulu. Huko Kakonge aligombea tena ukatibu mkuu, akapingwa na Grace Ibingira, mwanasheria wa Ankole aliyekuwa waziri. Ibingira akashinda. Wafuasi wa Kakonge, hasa vijana, walitoka Gulu wakinung'unika kwamba mchezo haukuwa wa haki, kwamba wengi wao walizuiwa kupiga kura. Na wengi walioandika habari za miaka ile wanakubaliana kwamba Obote mwenyewe aliridhia Kakonge aangushwe, kwa kuwa aliona vijana wake wamekuwa wakaidi mno. Zingatieni, ndugu wasomaji: Kakonge na Ibingira wote wawili walikuwa watu wa magharibi. Ugomvi wao haukuanza kwa kabila. Ulianza kwa mawazo na kwa cheo.

Lakini kinyongo kisichotolewa nje kwa maneno hutafuta nguo ya kuvaa, na nguo iliyo karibu kuliko zote katika nchi zetu ni ukabila. Haukupita mwaka ila watu wakawa wanasema kwamba ndani ya UPC mna kundi la Wabantu, linaloongozwa na Ibingira, na kundi la watu wa kaskazini, linaloongozwa na Obote. Ushirikiano na Kabaka Yekka ulikuwa umekwisha kuvunjika mwaka huo huo wa 1964, na wabunge wengi wa Kabaka Yekka na wa DP walihamia UPC. Mmoja wao alikuwa Basil Bataringaya, aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni. Chama kilifurahia wingi huo. Hakikujiuliza kama wote waliobisha hodi wanakuja kujenga nyumba, au wengine wanakuja kuchagua upande katika ugomvi wa wenye nyumba.

Sasa tufike mahali panapotuhusu sisi wa kambini.

Mwezi Januari 1964, askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi kwa zamu katika siku chache, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Huku kwetu uasi huo ulikuwa Jinja, na Waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza na askari alizuiliwa nao. Majeshi ya Uingereza yaliitwa kutuliza mambo. Kisha mishahara ya askari ikapandishwa, na vyeo vya Waafrika vikaharakishwa. Askari walijifunza kwamba bunduki husikilizwa. Wanasiasa nao walijifunza jambo lile lile. Tangu hapo, kila upande wa chama ulianza kutupia jicho kambini ukihesabu: huyu wetu, yule wao. Mkuu wa jeshi alikuwa Brigedia Shaban Opolot, na msaidizi wake alikuwa Kanali Idi Amin. Ikanong'onwa mjini kwamba Opolot yuko na upande wa Ibingira na Mengo, na Amin yuko na upande wa Obote. Angalieni jinsi fitina inavyopanda ngazi: ugomvi wa ukatibu wa chama umekwisha kuwa ugomvi wa wakubwa wa jeshi.

Tarehe 4 Februari 1966, Obote akiwa safarini kaskazini, mbunge wa Kabaka Yekka, Daudi Ochieng, alisimama bungeni akamtuhumu Amin juu ya mali iliyotoka Kongo, dhahabu na pembe za ndovu, akataka asimamishwe kazi na achunguzwe. Waziri Mkuu mwenyewe na mawaziri wake wawili nao walihusishwa. Hoja ilipita karibu kwa kauli moja, na kwa kuipitisha wabunge wa UPC waliiunga mkono hoja ya mpinzani dhidi ya kiongozi wa chama chao wenyewe. Aliyeipinga, peke yake, ni John Kakonge, yule yule aliyeangushwa Gulu. Mtu aliyeonewa na chama ndiye aliyesimama. Waliopewa vyeo na chama ndio waliokaa.

Obote alirudi. Njia ilikuwapo: angeweza kuitisha mkutano wa chama, pande zote mbili zikasema yote, kura zikapigwa, na aliyeshindwa akakubali au akajiondoa. Hakufanya hivyo. Tarehe 22 Februari 1966, katika kikao cha Baraza la Mawaziri huko Entebbe, askari wenye silaha waliingia wakawakamata mawaziri watano: Grace Ibingira, Balaki Kirya, Mathias Ngobi, George Magezi na Emmanuel Lumu. Siku zile zile katiba ya 1962 ikasimamishwa, Opolot akaondolewa katika ukuu wa jeshi, na Amin akashika nafasi yake. Tarehe 24 Mei jeshi likaushambulia ufalme Mengo, na Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969.

Wakati ule walikuwako waliosema kwamba sasa chama kimepata umoja, kwa kuwa hakuna tena wa kubisha. La hasha! Ukimya si umoja. Nyumba ambayo watoto hawasemi kwa kumwogopa baba haina amani. Ina hofu tu, na hofu ni deni linalozaa riba. Obote aliutatua ugomvi wa chama kwa bunduki, na tangu siku hiyo mwenye bunduki akajua kwamba yeye ndiye mwamuzi. Tarehe 19 Desemba 1969 Obote alipigwa risasi akajeruhiwa pale Lugogo, akitoka katika mkutano wa chama chake. Mwezi Januari 1970 Brigedia Pierino Okoya aliuawa Gulu pamoja na mkewe. Na tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin aliitwaa serikali, na sababu 18 zikasomwa redioni.

Mawaziri wale watano walifunguliwa na Amin baada ya miaka mitano kifungoni. Watu wakacheza ngoma barabarani. Lakini huko kambini ngoma haikuwapo. Katika mwaka ule ule wa 1971 askari wengi wa Acholi na Lango waliuawa na askari wenzao katika kambi kadhaa, zikiwemo za Jinja na Mbarara. Watu waliokula sahani moja asubuhi, jioni walikuwa wauaji na wauawa. Mwezi Septemba 1972 Benedicto Kiwanuka, ambaye wakati huo alikuwa Jaji Mkuu, alikamatwa katika Mahakama Kuu na hakuonekana tena. Bataringaya aliuawa. Kakonge naye alitoweka katika utawala ule. Na wake wa askari waliokuwa wakiishi katika vibanda vya mabati, kama ukaavyo wewe mama, walifungasha sufuria na watoto usiku, wakaenda wasikokujua. Hao hawakugombea ukatibu wa chama chochote. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Pengine mtu atasema: hayo yalikuwa ya UPC na ya Obote, wengine wana akili zaidi. Natutazame basi yaliyofuata. Mwezi Machi 1979, makundi mengi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi, Tanzania, wakati majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda wakielekea Kampala. Wakaunda umoja mmoja, UNLF, wakamchagua Yusuf Lule awaongoze. Kampala ikakombolewa tarehe 11 Aprili. Lule alitawala siku 68 tu, akaondolewa na wenzake katika umoja ule ule. Godfrey Binaisa akamfuata, naye akaondolewa Mei 1980, safari hii na Kamati ya Kijeshi. Ugomvi ulikuwa mezani, lakini kila mwenye kiti mezani alikuwa na watu wake wenye bunduki nje ya mlango. Na mazungumzo ya namna hiyo hayamalizwi kwa hoja. Ukafuata uchaguzi wa Desemba 1980 uliobishaniwa, na kuanzia Februari 1981 vita vya msituni.

Obote aliporudi madarakani, je, alikuwa amejifunza? Tarehe 2 Desemba 1983 mkuu wa majeshi, Oyite Ojok, alikufa katika ajali ya helikopta. Nafasi yake ilikaa wazi kwa miezi mingi. Mwishowe akateuliwa Smith Opon Acak, ofisa wa kutoka Lango, nao wakubwa wa Acholi waliomtangulia wakaona wamerukwa. Manung'uniko yakaenea kambini. Tarehe 27 Julai 1985 Bazilio Okello na Tito Okello walimpindua Obote, miaka 14 baada ya kupinduliwa mara ya kwanza. Mtu yule yule alianguka mara mbili katika shimo la namna moja, kwa sababu ufa wa kwanza haukuzibwa. Ulipakwa chokaa tu. Wahenga wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ndugu wasomaji, hatusimulii haya ili kukikashifu chama kimoja. Hata katika zama hizi za vyama vingi, UPC chenyewe kilipasuka tena juu ya uongozi mwaka 2015, na safari hii pande zilikwenda mahakamani. Tuseme ukweli: hayo ya mahakamani yana aibu yake, lakini ni aibu iliyo bora. Hakuna mjane aliyetokana nayo. Chama chochote chenye watu hai kitakuwa na pande, kama vile familia yenye watoto sita haikosi wawili wasioelewana. Haiwezekani tofauti zisiwepo, na wala haifai. Kinachotakiwa ni kujua zinamalizwa wapi, na nani hapaswi kuitwa kuzimaliza.

Mtu wa kawaida anaweza kujua tofauti ya mawazo na fitina ya makundi kwa dalili tatu. Ya kwanza: penye tofauti ya mawazo, watu hubishania jambo; penye fitina, hubishania mtu. Ukimwuliza wa kundi anataka nini, atakutajia jina badala ya kukutajia shabaha. Ya pili: penye tofauti ya mawazo, maneno husemwa kikaoni, mbele ya yule anayepingwa, penye fitina, husemwa jikoni na baani, usiku, na huanza kwa maneno haya: usimwambie mtu. Ya tatu, na hii ndiyo mbaya kuliko zote: penye tofauti ya mawazo, wenye ugomvi huhesabu kura, penye fitina, huhesabu askari.

Na sasa, mama yetu, tukujibu. Umeuliza kama ni kosa jamaa kuzungumza siasa mezani. Si kosa. Wewe ni mwananchi, kaka yako ni mwananchi, na kura yako ni yako. Angalikueleza sera za chama chake na kwa nini anaona upande wake ni bora, ungelimsikiliza kwa adabu, ukakubali au ukakataa. Lakini kaka yako hakuishia hapo. Alipomwuliza mumeo juu ya maofisa, alikuwa ameacha siasa, ameanza kuhesabu askari. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 208, inasema wazi kwamba jeshi halitakuwa na upande wa chama, na kwamba litakuwa chini ya mamlaka ya raia. Maneno hayo hayakuandikwa kwa wino mtupu. Waliokaa kuyaandika walikuwa wanawakumbuka watu wa Entebbe, wa Mengo, wa Jinja na wa Mbarara.

Kwa hiyo mumeo alipotoka kwenda kantini hakumdharau shemeji yake. Alimheshimu kupita kiasi, kwa kuwa angeweza kumripoti na hakufanya hivyo. Hata hivyo, Sajini, kama unasoma hapa, turuhusu tukunong'oneze na wewe: kunyamaza na kutoka hakutoshi. Mtu anayeulizwa swali akanyamaza huenda akahesabiwa kuwa amekubali. Mwaka 1966 walikuwako askari wengi ambao hawakuchagua upande wowote, lakini majina yao yalikuwa yameandikwa katika orodha za wengine. Mkalishe shemeji yako, mkewe na dada yake wakisikia, umwambie kwa upole kwamba yeye ni shemeji yako na atabaki kuwa shemeji yako, apate nafasi au aikose. Ya kwamba mlango wa nyumba yako uko wazi kwake, lakini lango la kambi halipitishi mambo ya chama. Na kwamba akirudia swali lile, utalazimika kulipeleka kwa mkubwa wako, kwa maana kiapo ulichokula hakikutaja jina la mtu.

Na wewe mama, usijigawe kati ya mume na kaka. Hakuna aliyekutaka umchague mmoja wao, ila fitina yenyewe. Kaka yako mpokee, lakini mweleze kwamba nyama anayoileta mtaila kwa shukrani ikiwa ni zawadi ya mjomba kwa wapwa zake. Ikiwa ni malipo ya neno, airudishe. Hilo utalisema wewe mwenyewe, wala usimwachie mumeo, kwa sababu mtu aliyenyonya naye ziwa moja anaweza kumwambia jambo ambalo shemeji hawezi. Mwambie pia kwamba kama upande wake una haki, uende mkutanoni ukaidai mbele ya wanachama wote. Ukishindwa, na ushindwe kwa heshima, ungoje mkutano mwingine. Kakonge aliangushwa Gulu, na bado mwaka 1966 aliweza kusimama peke yake bungeni kwa alichokiamini. Hakutafuta kanali wa kumpigania.

Watoto wako wanne wanasikia kila neno linalosemwa chini ya mabati yale, kwa maana huko hakuna ukuta wa kuzuia sauti. Wataokota hayo wanayoyasikia. Wakimsikia mjomba na baba wakitofautiana kwa hoja kisha wakanawa mikono na kula pamoja, watajifunza jambo ambalo mawaziri wa mwaka 1966 hawakulijua.

Tuandikie tena, mama, utueleze Jumapili ijayo ilikuwaje. Nanyi wasomaji wengine mlio kambini na vituoni, mkiwa na neno la kuongeza au la kupinga, kalamu na karatasi havijaadimika. Hadi juma lijalo, kwaherini.